Meli Zisizoelea: Jinsi Nchi Kavu Ilivyobeba Jeshi la Wanamaji Mombasa

Matini ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Wadi ya Mtopanga, Kaunti Ndogo ya Kisauni



Mtu akitaja jeshi la wanamaji, mawazo huenda moja kwa moja Mtongwe, ng'ambo ya kivuko, kwenye manowari zilizotia nanga. Ni wachache wanaofikiria mahali kama Mtopanga, ambapo wengi hawaoni bahari kutoka mlangoni mwao. Lakini hakuna manowari inayoishi kwa maji ya chumvi. Inahitaji maji ya kunywa, mafuta, mkate, nyama, risasi, dawa, vipuri na habari. Vyote hivyo hutoka nchi kavu, na vingine hutoka mbali kabisa na pwani. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ya jeshi la wanamaji ni bara.

Mazungumzo haya yanahusu bara hilo: kambi, karakana, viwanja vya ndege, maghala, hata shule, vilivyolisha manowari zilizokuwa Kilindini. Yanahusu pia watu waliofanya kazi hiyo, na yanayowahusu wakazi wa leo.

Kwa nini Kilindini

Jina lenyewe linajieleza. Kilindi ni maji ya kina kirefu. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na magati ya kwanza ya kina kirefu yakafunguliwa Kilindini mwaka 1926. Kabla ya hapo mizigo mingi ilishushwa kwa matishari. Kwa hiyo Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, Mombasa ilikuwa na vitu vitatu ambavyo bandari chache za upande huu wa Bahari ya Hindi zilikuwa navyo pamoja: maji ya kina yaliyokingwa na mawimbi, magati ya kisasa, na reli inayofika hadi Uganda.

Singapore, ngome kuu ya Uingereza upande wa Mashariki, iliangukia mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942. Miezi miwili baadaye, tarehe 5 Aprili, ndege za Japani zilishambulia Colombo katika kisiwa cha Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka. Manowari mbili kubwa, Cornwall na Dorsetshire, zilizama siku hiyo. Tarehe 9 Aprili ikawa zamu ya Trincomalee, na meli ya kubeba ndege iliyoitwa Hermes ikazama. Admirali James Somerville, aliyeongoza Kundi la Meli za Mashariki, aliona kwamba manowari zake kongwe na nzito zisingeweza kubaki Ceylon bila kuangamizwa. Akazirudisha nyuma, maelfu ya kilomita, hadi Kilindini.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu nyingine pia. Bahari ya Mediterania ilikuwa hatari kwa misafara ya meli za Uingereza. Shehena nyingi za kwenda Misri na Ghuba ya Uajemi zilizunguka Afrika Kusini na kupita pwani hii. Aliyeshika Kilindini aliweza kuilinda njia hiyo. Ndiyo maana tarehe 5 Mei 1942 Waingereza walishambulia Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, ili Wajapani wasipate kituo huko. Baadaye askari wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa King's African Rifles, waliingizwa katika mapigano ya kisiwa hicho hadi yalipomalizika Novemba mwaka huo.

Meli zenye kuta za mawe

Jeshi la Wanamaji la Uingereza lina desturi ambayo huwachekesha wageni. Kituo chake cha nchi kavu hupewa jina kana kwamba ni meli. Baharia akitoka nje ya lango husemwa ameshuka pwani, hata kama alikuwa amesimama juu ya saruji tangu asubuhi.

Kwa desturi hiyo, Kenya ilipata meli zake zisizoelea. Kituo cha Kilindini kiliitwa Tana, kwa jina la mto. Kituo cha ndege za wanamaji kilichokuwa hapa Mombasa kiliitwa Kipanga. Na huko Nairobi, mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi, palikuwa na karakana ya kutengeneza ndege za wanamaji iliyoanzishwa mwaka 1942 na kuitwa Korongo. Ilikuwa Eastleigh. Majina yote matatu mkazi wa Kisauni anayafahamu bila kufunguliwa kamusi.

Kwa nini karakana ya wanamaji iwekwe Nairobi? Meli za kubeba ndege haziwezi kutengeneza kila ndege iliyoharibika. Injini inahitaji kufunguliwa mahali pakavu, penye umeme, mafundi na vipuri, na mbali na mabomu ya adui. Chumvi ya pwani hula chuma, na joto huchosha mafundi. Reli ilifanya umbali kuwa jambo dogo: ndege mbovu ilipanda, ndege nzima ikashuka. Kambi ya Mombasa ilikuwa mkono, na bara lilikuwa bega.

Alama za vituo hivyo bado zipo, ila zimebadili majina. Uwanja wa Eastleigh ulitumiwa baadaye na jeshi la anga la Uingereza, na leo ni kambi ya Jeshi la Wanahewa la Kenya, Moi Air Base. Uwanja wa Port Reitz, uliokuzwa wakati wa vita, ndio uliozaa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi huko Changamwe. Msafiri anayetua Mombasa leo anatua mahali palipotayarishwa kwa ajili ya vita.

Shule iliyofumbua mafumbo

Pamoja na meli, kilikuja Kilindini kikundi ambacho wakazi wa mji hawakuelezwa kazi yake. Kilikuwa ni ofisi ya kusikiliza na kufumbua ujumbe wa siri wa Japani. Kilikuwa kimehama Singapore, kikakaa Colombo, kisha Aprili 1942 kikaletwa Mombasa. Kilihitaji jengo kubwa, tulivu, lililo juu na karibu na bahari. Serikali ya kikoloni ikachukua Shule ya Allidina Visram, iliyopewa jina la mfanyabiashara mashuhuri aliyefariki mwaka 1916.

Kazi ya ofisi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. Kutoka Mombasa, mawimbi ya redio za Japani yalifika yakiwa dhaifu kwa sababu ya umbali, na wafanyakazi walikuwa wachache. Hata hivyo, Novemba 1942 walipata ushindi mkubwa. Meli za biashara za Japani zilitumia msimbo uliojulikana kama JN-40. Mpelekaji mmoja wa ujumbe alikosea: alituma ujumbe uleule mara mbili, mara ya pili akiwa ameongeza maelezo. Waliokuwa Mombasa wakaziweka nakala hizo mbili kando kwa kando, wakalinganisha herufi kwa herufi, na mlango ukafunguka. Kuanzia hapo waliweza kusoma ujumbe wa meli zilizobeba mafuta, chakula na vifaa vya jeshi la Japani, na kujua zinakopita.

Mwaka 1943 ofisi hiyo ilirudi Colombo. Madawati yakarudishiwa wanafunzi. Vijana wengi wamefanya mitihani yao katika shule hiyo bila kujua kwamba ndani ya kuta zake watu walifanya hesabu zilizozamisha meli upande wa pili wa bahari.

Waliobeba mzigo

Hadithi za manowari na misimbo zina kawaida ya kuwasahau waliofanya kazi nyingi zaidi. Meli moja kubwa ya vita ilibeba mamia ya mabaharia, na kila mmoja alikula na kunywa. Makaa, mafuta, unga, mboga na makombora vyote vilipita mikononi mwa makuli wa Kilindini, wafanyakazi wa reli, madereva, wapishi, madobi na vibarua wa barabara. Walitoka Kisauni, Likoni na Changamwe. Wengine walitoka Taita, Ukambani, Nyanza na nchi jirani.

Vita vilileta kazi, lakini vilileta pia ughali. Bei ya chakula na nguo ilipanda haraka kuliko mishahara. Watu walikuwa wengi kuliko vyumba, na nyumba za Majengo zikajaa hadi varandani. Makuli walikuwa wamekwisha kugoma mwaka 1939, kabla vita havijaanza, na manung'uniko yaliendelea hata wakati wa vita. Mwaka 1945 serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Arthur Phillips kuchunguza chanzo cha malalamiko hayo.

Jibu la wafanyakazi lilikuja tarehe 13 Januari 1947. Wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja: bandarini, relini, hotelini na majumbani. Mji ulisimama kwa karibu wiki mbili. Mgomo huo ulizaa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Alikamatwa mwaka uohuo na kupelekwa uhamishoni Baringo. Lakini mishahara iliangaliwa upya, na wafanyakazi wa nchi nzima walijifunza kutoka Mombasa kwamba bandari haiendi bila mikono yao. Anayesimulia historia ya kituo cha wanamaji na kuacha mgomo wa 1947 amesimulia nusu.

Walioondoka wasirudi

Mapema Februari 1944, msafara wa meli uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Miongoni mwake ilikuwa meli ya abiria iliyoitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwa askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, mabaharia, wauguzi na wanawake wa huduma za wanamaji. Walikuwa zaidi ya 1,500.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika 3. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata nafasi ya kupanda ngazi. Manowari zilizosindikiza msafara ziliwinda nyambizi hiyo na kuizamisha, lakini mabomu ya kuiwinda yaliangushwa pale pale ambapo manusura walikuwa wakielea. Waliokufa walikaribia 1,300. Waliookolewa walizidi kidogo 200.

Wengi wa waliokufa walikuwa vijana Waafrika walioandikishwa nchi kavu, wakafundishwa nchi kavu, wakapanda meli kwa mara ya kwanza hapa Mombasa. Majina ya askari wa Afrika Mashariki waliopotea na meli hiyo yanakumbukwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi. Hapa Mombasa, makaburi ya Mbaraki yana mabaharia na askari waliofariki katika miaka hiyo. Familia nyingi hazikuwahi kuona hata moja kati ya sehemu hizo mbili.

Ghala la Mackinnon Road

Si kila kituo cha bara kilitimiza kusudi lake. Baada ya vita, Uingereza ilijua kwamba ingelazimika kuondoa maghala yake ya kijeshi Misri. Mwaka 1947 ikaanza kujenga ghala kubwa mno Mackinnon Road, kwenye nyika ya Taru, kando ya reli na barabara ya kwenda Nairobi. Wazo lilikuwa kwamba mizigo ishuke Kilindini, ipande reli, ihifadhiwe mahali pakavu, kisha irudishwe bandarini vita vikitokea.

Mahali penyewe palikuwa na ukame, maji yalikuwa haba, na mipango ya London ilibadilika. Kufikia takriban 1950 mradi ulikuwa umeachwa. Majengo hayakubaki matupu kwa muda mrefu. Wakati wa Hali ya Hatari, mahali hapo palifanywa kambi ya kuwafunga walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Ghala lililojengwa kwa ajili ya kulinda himaya likawa jela ya waliotaka kujitawala. Wasafiri wanaosimama leo kwenye msikiti wa Mackinnon Road kuomba dua na kunywa maji wanasimama jirani ya historia hiyo.

Funzo lake ni rahisi. Kituo cha kijeshi hubadilisha maisha ya mahali kilipo, kiwe kimefaulu au kimeshindwa. Kwa hiyo wakazi wana haki ya kujua kinachopangwa, na wajibu wa kuuliza mapema.

Kutoka hifadhi ya kikoloni hadi Mtongwe

Jeshi la wanamaji la Kenya halikuanza na uhuru. Mwaka 1933 kiliundwa kikosi cha kujitolea cha wanamaji wa Kenya. Baada ya vita kikafuatiwa na jeshi la pamoja la wanamaji wa Afrika Mashariki, lililogharamiwa na nchi kadhaa na kuwa na kituo chake Mombasa. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962. Tarehe 12 Desemba 1964, siku Kenya ilipokuwa Jamhuri, Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa rasmi. Manowari zake za kwanza zilizojengwa Uingereza zilipewa majina ya wanyama: Simba, Chui na Ndovu.

Makao yake makuu yako Mtongwe, na lina kituo kingine Manda, Lamu. Septemba 2012 lilishiriki katika operesheni ya kuutwaa mji wa Kismayu kutoka kwa al-Shabaab, iliyohusisha askari walioshushwa ufuoni kutoka baharini.

Lakini kwa wakazi wengi wa Mombasa, jeshi hilo linajulikana zaidi kwa siku za msiba. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Mwezi Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni, na wapiga mbizi wa wanamaji, pamoja na wenzao, walitafuta kwa takriban wiki mbili ndani ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 50 kabla ya kulitoa. Kazi kama hiyo haifanywi na manowari. Inafanywa na watu, vifaa na mafunzo vinavyotunzwa nchi kavu.

Kazi ya bara inaendelea pia kwa njia nyingine. Mwaka 2020 serikali ya kitaifa iliunda kampuni ya Kenya Shipyards, chini ya Wizara ya Ulinzi, yenye karakana Mtongwe na Kisumu. Huko Kisumu, kwenye ziwa lisilofikiwa na bahari, wahandisi wa wanamaji wameshiriki katika kujenga meli ya MV Uhuru II. Si jambo geni. Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli ya Graf von Götzen, wakaifungua vipandevipande, na kuisafirisha kwa meli na reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe isitekwe. Ikaibuliwa, na leo inaitwa MV Liemba. Meli inaweza kuzaliwa bara, mradi kuna reli, mafundi na nia.

Yanayowahusu wakazi wa Mtopanga

Kwanza, vijana. Jeshi la wanamaji halitafuti wapiga makasia pekee. Linahitaji wachomeleaji, mafundi wa umeme na injini, wapishi, wauguzi, wahandisi, wataalamu wa mitambo ya mawasiliano na wapiga mbizi. Kijana wa Mtopanga anayesomea ufundi anajiandaa kwa kazi hizo, na pia kwa kazi za bandari na karakana za kiraia. Ikumbukwe kwamba usajili wa Jeshi la Ulinzi la Kenya haulipiwi hata senti moja. Yeyote anayedai pesa ili kumpatia mtu nafasi ni tapeli, hata akiwa na sare, barua au muhuri. Mzazi asiuze ng'ombe wala kipande cha shamba kwa ahadi ya namna hiyo. Atoe taarifa kwa polisi au kwa ofisi ya chifu.

Pili, usalama. Mahali palipowahi kuwa na shughuli za kijeshi panaweza kuwa na vyuma vya zamani ardhini au ufuoni. Mtoto, mvuvi au mchimba msingi akiona kitu kinachofanana na risasi kubwa, bomu au kopo zito lenye kutu, asikiguse, asikigonge, wala asikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aondoke, awazuie wengine, na kupiga simu 999 au 112.

Tatu, kumbukumbu. Waliofanya kazi Kilindini mwaka 1942 wakiwa na umri wa miaka 20 wangekuwa wamepita miaka 100 sasa. Waliobaki ni watoto na wajukuu wao. Wapo wenye kipande cha kitambulisho cha kazi, medali ndani ya sanduku, picha iliyofifia, au jina la babu aliyeaga akisema anakwenda Ceylon. Vitu hivyo visitupwe wakati wa kuhama nyumba. Jina liandikwe nyuma ya picha, pamoja na mahali na mwaka. Mwenye mzee nyumbani amwulize leo, amrekodi kwa simu, ahifadhi. Walimu wa shule za hapa wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo likizo ikifika.

Manowari za Admirali Somerville zilirudi Ceylon, na Tana, Kipanga na Korongo vikashusha bendera zao. Kilichobaki ni bandari, uwanja wa ndege, shule, reli, na wajukuu wa waliobeba magunia. Kituo cha wanamaji kinahesabiwa kwa manowari zake siku ya gwaride. Siku ya kazi, kinahesabiwa kwa watu walio nyuma yake, na wengi wa watu hao wameishi upande huu wa daraja.